Kijiti cha meno cha Nonna

Nilimwona akikichomoa.

Ilikuwa alfajiri ya tarehe 24 Desemba, nje bado giza, mimi nimeshaswali na usingizi umekataa kurudi. Nikaenda jikoni kutafuta chai. Mlango wa roshani ya nyuma ulikuwa wazi, baridi inaingia kama mwenye nyumba, na Nonna (ndivyo Waitaliano wanavyomwita bibi; huyu ni mavyaa wa mdogo wangu) yuko nje, koti juu ya nguo ya kulalia, anapanga upya masinia tuliyoyaacha huko usiku. Bologna, Italia, mwezi wa Desemba haina haja ya friji.

Masinia yalikuwa manne, yote yamefunikwa vitambaa vyeupe. Ndani mlikuwa na tortellini, vile vidude vya unga vilivyofumbata nyama, tulivyovikunja jana yake kuanzia saa nne asubuhi mpaka migongo ikaomba radhi. Matatu yalikuwa ya watu wote. La nne lilikuwa letu: la mdogo wangu, mumewe aliyesilimu kabla ya nikahi, watoto wao wawili, na mimi mgeni wa mwaka huo. Alama yake ilikuwa kijiti cha meno kilichochomekwa kwenye kona ya kitambaa.

Nonna alikichomoa ili anyanyue sinia. Akalihamisha, akahamisha na mengine, kisha akasimama na kijiti mkononi akiyatazama yote manne kama mtu aliyesahau mlango wake ni upi.

Akainua mabega. Akakichomeka kwenye lililokuwa karibu.

Halikuwa letu. Nina hakika, kwa sababu kitambaa chetu kilikuwa na doa la chai nililolitia mimi mwenyewe.

Nilirudi chumbani bila kunywa kitu.

## Sambusa ya Bologna

Nirudi nyuma siku moja.

Kiitaliano changu ni cha ufukweni, na wenzangu wa Malindi wanakijua: kinasalimu, kinatania, kinauza vinyago, lakini kikifika kwenye jambo zito kinakatika kama kamba ya ndara. Kile kidogo cha jikoni nilikipata kwa Baba. Baba alipika hotelini kwa Waitaliano zaidi ya miaka ishirini, akapika na vile vyakula vyao vyenye nguruwe bila kuonja hata kijiko. Alitia chumvi kwa jicho, akapima kuiva kwa pua. Wageni walikuwa wakimwita atoke jikoni wamwambie amewakumbusha mama zao. Yeye anacheka, anarudi nyumbani kula ugali na mchicha.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye meza ya Nonna sikuwa mgeni wa majina. Nilikuwa mgeni wa mikono.

Kibao chake cha kusukumia ni kikubwa kama mlango wa kabati, na kifimbo chake ni kirefu kuliko cha chapati mara mbili. Unga hukandwa kwa mayai matupu, yai moja kwa gramu 100, hakuna tone la maji. Unasukuma mpaka uwe mwembamba kiasi cha kuona mistari ya mbao kwa chini. Kisha unakata vipande vya mraba, upande sentimita tatu hivi. Kila kimoja unakitia kima kiasi cha punje ya dengu, unakunja pembetatu, unazungusha kwenye kidole cha mwisho na kubana ncha zikutane.

Nikajisemea kwa Kiswahili: kumbe ni sambusa!

Ya kwanza ilifumuka. Ya pili Nonna aliitazama, akaitupa pembeni bila kusema. Lakini mtu aliyefunga manda kila Ramadhani tangu akiwa hafiki mezani, pembetatu haimshindi. Kufika ya kumi alikuwa ameacha kuzikagua zangu, akahamia kwa mdogo wangu, ambaye ana miaka kumi na mbili katika nyumba hiyo na bado zake zinatoka kama masikio ya paka.

Watoto walitaka Mama Mkubwa asimuliwe habari ya tundu la ufunguo. Basi wakanisimulia wao, mmoja akimkatiza mwingine: Castelfranco Emilia, mji ulio kati ya Bologna na Modena, alifikia mungu wa kike Venus kwenye nyumba ya wageni, na mwenye nyumba akachungulia tunduni akaona kitovu tu, akakimbilia jikoni kukiiga kwa unga. Bologna na Modena zinagombania tortellini tangu zamani, kwa hiyo hadithi ikapelekwa katikati ili pasiwe na mshindi. Nikawaambia kwetu mtu akichungulia hivyo hatoki na chakula, anatoka na jicho limevimba.

Aliyekuwa hakunji hata moja ni Mjomba. Ni kaka wa Nonna, kwa hiyo mjomba wa shemeji yangu, mzee wa miaka sabini na kitu. Yeye hukaa kichwani mwa meza na kusimamia historia. Alinitajia tarehe kama mtoto wa chuo anayesoma juzuu kwa moyo: 7 Desemba 1974, chama cha wapenzi wa tortellini kilipeleka kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna maelekezo rasmi ya kima, yakahifadhiwa huko kama hati ya kiwanja. Kiuno cha nguruwe gramu 300. Prosciutto, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, gramu 300. Mortadella ya Bologna, soseji yao nene ya nguruwe, gramu 300. Parmigiano-Reggiano, chizi lao gumu (jibini, ukipenda), gramu 450. Mayai matatu. Kungumanga moja nzima. Zinatoka tortellini kama elfu moja.

Niliposikia kungumanga nikacheka kwa sauti. Mti ambao watalii huonyeshwa kwenye mashamba ya viungo Unguja, tunda likipasuliwa wote wanasema "aaah" kwa ile basbasi nyekundu, kumbe hati ya Bologna haikamiliki bila yake!

Shemeji akamchokoza kwa kumkumbusha mwaka 2019. Mwaka huo, kwa sikukuu ya San Petronio, mtakatifu mlinzi wa mji, tarehe 4 Oktoba, lilitoka wazo la kugawa tortellini za kuku kando ya zile za kawaida, ili asiyekula nguruwe naye apate. Waliziita tortellini za ukarimu. Ugomvi wake ukatoka Bologna ukafika siasa za taifa, mwanasiasa Matteo Salvini naye akazipinga. Mjomba hajapoa mpaka leo. "Kuku!" alisema, akipiga meza. "Kuku ndani ya tortellino!"

Nonna alikuwa amempa mgongo, ananyunyiza unga kibaoni. Uso wake sikuuona.

## Siku ndefu

Sasa mnaelewa kwa nini kijiti kilinitoa usingizini.

Nilikaa kitandani nikipiga hesabu. Ama kizee kimechoka, kimekosea mara moja, na kesho watoto wa mdogo wangu watalishwa nguruwe kwa bahati mbaya. Ama hajali, hajawahi kujali, na amekuwa akiwalisha miaka yote hii akiona ni upuuzi wa watu wa mbali. Hesabu zote mbili zilitoa jibu moja: ni lazima niseme.

Lakini kumwambia nani?

Nikimwambia mdogo wangu, nimetia moto nyumba yake usiku wa kuamkia sikukuu ya watu. Yeye na mavyaa wake wamefika mahali pazuri, na hawakufika kwa miguu mitupu. Miaka ya mwanzo alikuwa akinipigia simu analia kwa sababu ya mchuzi uliotiwa mvinyo, kwa sababu ya sufuria, kwa sababu ya chizi. (Chizi ndiyo mada isiyoisha: Parmigiano-Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na masheikh wana kauli zaidi ya moja. Mdogo wangu alichukua kauli inayomruhusu kula, na mimi nilipokuwa pale niliichukua pamoja naye, chizi likiwa limeshafika kwenye sahani.)

Nikimwambia shemeji, nimemgombanisha na mama yake.

Nikinyamaza, je?

Saa nzima nilifikiria kuamka usiku nikakirudishe kijiti. Kitendo cha sekunde tano. Kilichonizuia si ujasiri. Ni lile bega la Nonna. Mtu aliyekosea hufadhaika, na yeye hakufadhaika. Aliinua bega kama mtu anayechagua kiti kwenye chumba kitupu.

## Nilivunja spageti

Mchana nilikuwa siwezi kukaa. Nikaomba nipike kitu.

Usiku wa tarehe 24 hawali nyama. Nyumba nyingi za Bologna hupika spageti kwa jodari wa kopo na nyanya, na kwenye kabati la Nonna pakiti zilikuwa zimepangwa. Nikaomba moja. Nilikuwa na iliki kwenye mkoba, mdogo wangu akatoa kopo la tui na zabibu. Nikaweka sufuria, nikashika fungu la spageti, nikalivunja katikati.

Mlio ule! Jikoni pakanyamaza kabisa.

Nilikuwa nimesikia utani kwamba Mwitaliano akiona spageti imevunjwa anaumwa. Si utani. Shemeji aliangalia sakafu. Mjomba alisimama. Mimi nikavunja tena, kwa sababu tambi ndivyo zilivyo, zikawa vipande vya urefu wa kidole, nikazikaanga kwenye samli mpaka zikageuka rangi, nikatia maji na tui, nikatia sukari.

"Sukari," alisema Mjomba, kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia.

Zilipokauka nikapakua kisahani kidogo, nikakisukuma katikati ya meza. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kisha mkaza mjomba, mke wa yule mzee, mwanamke ambaye kwa siku tatu alikuwa hajasema zaidi ya salamu, akachukua uma. Yeye si wa Bologna, ametoka Umbria, vijiji vya huko Perugia. Alikula tonge moja. Akala la pili. Akaweka uma chini, akafunika mdomo kwa kiganja.

Kwao, alisema alipoweza, mkesha wa Krismasi hupikwa makaroni matamu. Sukari, jozi zilizosagwa, mdalasini, wengine wanatia kakao. Yanaliwa baridi. Bibi yake alikuwa akiyapika kila mwaka. Yeye alipoolewa Bologna aliyapika mara moja, mumewe na wakwe wakacheka, hakuyapika tena.

"Mara moja," alirudia, akimtazama Mjomba.

Mzee akaketi. Hakula, lakini aliketi.

## Bakuli moja

Usiku wengine walikwenda misa. Nonna alibaki, magoti hayamruhusu, na supu ilikuwa jikoni ikichemka taratibu. Mdogo wangu alikuwa analaza watoto. Nikafunga mlango.

Nilikuwa nimepanga sentensi tangu asubuhi. Zote zikapotea. Nikabaki na neno moja, nalo nilikosea kulitamka.

"Stecchino," alinisahihisha Nonna. Kijiti cha meno. Kisha akanitazama vizuri, akaelewa, na akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Mwanangu," alisema, "yote ni hayo hayo."

Sikuelewa. Akanyanyua vidole vinne, akavikunja kuwa ngumi.

Masinia yote manne yalikuwa na kima moja. Ndama aliyepikwa polepole kwenye siagi, chizi lililokaa miezi mingi mpaka likawa kali, mayai, kungumanga nyingi kuliko hati ya 1974 inavyoruhusu. Nyama anainunua kwenye bucha la halali mtaa wa Bolognina, nyuma ya stesheni ya treni, anakwenda kwa basi na kikapu chake. Hata kuku na ng'ombe wa supu wametoka huko.

"Na ndani ya kima," nikauliza, "kuna kuku?"

"Kidogo," akasema, akaweka kidole mdomoni.

Mwaka wa kwanza, alinieleza, alifanya kila kitu mara mbili. Kima mbili, vibao viwili, sufuria mbili. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa na miaka minne. Siku ya Krismasi aliwekewa bakuli kutoka kwenye sufuria ndogo, akaitazama ile kubwa, akauliza: "Nonna, kwani mimi ni mgonjwa?"

Kwa sababu ndivyo alivyokuwa ameona. Katika nyumba ile sufuria ya peke yake ilikuwa ya babu, miezi yake ya mwisho, supu isiyo na chumvi.

Nonna alisimulia hayo akiwa anatoa povu juu ya supu kwa kijiko, hakuniangalia. Mwaka uliofuata akapika kima moja. Mortadella anainunua bado, anaiweka kwenye friji mahali pa kuonekana, anafungua karatasi ili harufu itembee. Ikipita sikukuu anampa jirani wa ghorofa ya chini.

"Na kijiti?"

"Kijiti ni cha kaka yangu," alisema. "Akikiona anajua tofauti ipo. Anakula kwa amani."

## Mezani

Siku ya pili tulikuwa watu kumi na nne. Supu ikagawiwa kwenye sufuria mbili, kubwa na ndogo, tortellini zikaingia kila moja mahali pake, na mimi nikiwa ndiye pekee niliyejua, au niliyedhani ninajua, nilishindwa pa kuweka macho.

Mjomba alichota kijiko cha kwanza. Wanasema kijiko kizuri hubeba tortellini nyingi ndogo, na mwanamke anayefanya kubwa mvivu. Alizihesabu kwa mdomo, akazila, akafumba macho.

"Ndizo," alisema.

Nikasikia ubaridi mgongoni. Akanigeukia mimi, mgeni, akanieleza tena: nguruwe, prosciutto, mortadella. Ukibadilisha hata kimoja, alisema, ulimi wa Bologna unajua mara moja.

Nikakubali kwa kichwa. Mungu anisamehe, nikasema hata mimi nilihisi hivyo.

Zikaisha kwenye sufuria kubwa. Nonna alikuwa amesimama na upawa. Mjomba akasukuma bakuli lake mbele, na bila kumtazama dada yake akasema, "Basi nipe hizo za watoto, naona zimebaki."

Upawa ulisimama hewani. Labda ilikuwa sekunde moja.

Akapakuliwa. Akala mpaka akainamisha bakuli kunywa supu. Hakusema zimetofautiana na za kwanza. Hakusema zimefanana.

Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema wazee wetu. Hawakusema kata ikoje mkononi mwa anayeishika.

## Trabia

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeahidiana safari, kwa hiyo tarehe 27 tukapanda treni ya usiku kwenda Sicilia. Yeyote aliyewahi kusubiri feri ya Likoni na apate picha hii: treni nzima inakatwa vipande, inaingizwa ndani ya meli kwenye reli, inavuka mlango wa bahari wa Messina, inaunganishwa ng'ambo na kuendelea na safari. Watu wamelala humo humo. Mimi nilishuka kwenye behewa nikapanda sitahani kutazama taa za Messina zikija, nikanunua kahawa na andazi la wali na nyama liitwalo arancino, nikauliza mara tatu ndani kuna nini.

Palermo ilinilegeza. Kwenye soko la Ballarò nilikula panelle, bajia bapa za unga wa dengu kubwa, ndani ya mkate, nikahisi niko nyumbani jioni ya mfungo. Muuza matunda alikuwa na zabibu anaziita zibibbo. Nikamwambia sisi tunasema zabibu. Akasema ndiyo, ni neno letu. Nikamwambia hapana, ni letu. Tukacheka wote, maana si lake wala si langu, ni la Waarabu waliotupa sote.

Kilomita thelathini na kitu mashariki ya Palermo kuna mji mdogo wa pwani, Trabia. Treni inapita hapo ukiwa unakuja, na mdogo wangu alinigusa bega nichungulie. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia aliyekuwa chini ya mfalme Roger wa Pili pale Palermo, alimaliza kitabu chake, na ndani yake anaieleza Trabia: mahali pa mito na vinu vya maji, ambapo hutengenezwa itriya, yaani tambi kavu, kwa wingi hata zinapakiwa majahazini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa tuliyonayo yanayotaja tambi kama bidhaa ya biashara katika ardhi ya Italia.

Kitabu hicho hicho, sehemu ya nchi ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, kinautaja mji wa Malindi na chuma chake.

Kilichonipendeza si kwamba eti tambi ni zetu. Hizo hoja nimezichoka, kila mtu akijidai bibi yake ndiye aliyebuni kila kitu. Ni kumwaza yule mtu mmoja, na kalamu yake, anaandika Trabia, na kurasa kadhaa kabla au baada anaandika Malindi. Na mimi wa Malindi, kwenye dirisha la treni, nimebeba siri ya kizee mmoja wa Bologna ambayo sijui niiweke wapi.

## Kinachonikera

Nimerudi wiki nyingi sasa na jambo hili halijatulia.

Mwanzoni nilikuwa nalisimulia kama kichekesho. Nilimsimulia Mama, akacheka mpaka akatoa machozi, akasema yule bibi angekuwa wa kwetu angeitwa mwalimu. Ndipo nikamuuliza: na lingekuwa kinyume?

Kinyume vipi?

Kama mtu angetukunjia sisi sambusa miaka minane, kwa mapenzi hayo hayo, kwa ajili ya mtoto huyo huyo asijione mgonjwa, na ndani yake mna kile ambacho hatuli. Tungecheka?

Mama akaacha kucheka. "Mwenzio amelishwa ndama," alisema. "Hakulishwa sumu."

Ni kweli. Mjomba hajakatazwa ndama na mtu yeyote. Hakuna siku atakayosimamishwa aulizwe kuhusu ndama. Mizani hailingani na mimi ninajua hailingani. Lakini mzee yule anaamini kitu, na kile anachoamini kimewekwa kwenye kabati la chemba ya biashara tangu 1974, na dada yake anamtazama machoni kila mwaka akimwambia ndicho.

Nimetafuta pa kumtetea. Nimepata kwamba Pellegrino Artusi, mzaliwa wa Forlimpopoli aliyechapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1891, kwa cappelletti za Romagna, ndugu wa tortellini, jirani kabisa na Bologna, kwa upande wa nyama anataja kwanza kidari cha jogoo aliyehasiwa. Nguruwe anakuja pale jogoo anapokosekana. Kuku ndani ya unga, basi, si uzushi wa juzi. Hoja nzuri. Wakili angeipenda. Lakini haigusi kinachonikera, kwa sababu Mjomba hakudanganywa kuhusu karne ya kumi na tisa, alidanganywa kuhusu bakuli lake.

Kisha namkumbuka mkaza mjomba na uma wake. Aliambiwa ukweli mtupu, mbele ya watu, kwamba makaroni ya bibi yake ni kichekesho. Akaacha kuyapika. Hakuna aliyedanganywa siku hiyo.

Naenda hivyo, narudi hivyo. Na kila nikifika mahali pa kumhukumu Nonna namwona Baba, ametoka jikoni na aproni yake, mikono nyuma, anaambiwa kwamba carbonara yake, ile spageti ya mayai na nguruwe, ni kama ya mama wa fulani, na yeye anainamisha kichwa, "grazie, grazie", mtu ambaye hajui ile kitu ina ladha gani. Wao walidhani anaionja. Hakuwahi kuwaambia haionji. Sikuwahi kumwona Baba kama mwongo.

Makala haya nilimtumia mdogo wangu kwanza, kabla ya kuyaweka hapa. Sikuweza kumwacha akutane nayo kama mtu wa mbali. Nilituma saa tatu usiku, nikakaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Jibu lilikuwa fupi.

"Dada, unadhani nani huosha mabakuli ya kima katika nyumba ile? Miaka yote naosha moja."

Halafu la pili: "Weka. Mjomba hasomi Kiswahili."

Halafu, baada ya dakika kumi: "Nadhani."

## Kifurushi

Kwenye meza ninapoandika pana kungumanga kumi na mbili, bado zina gamba lake, zinagongana kama gololi. Binamu yangu kaniletea kutoka Unguja. Nonna alituma ujumbe wa sauti kuziomba. Zile za dukani kwake, anasema, zimekauka roho.

Nilishangaa idadi. Moja inatosha tortellini elfu moja, yeye mwenyewe anajua hata akizidisha. Nikamuuliza nyingine za nini.

Ujumbe wake wa pili ulikuwa na kelele za sufuria, na nyuma yake sauti ya mwanamke mwingine anacheka, ile sauti ya Umbria ambayo kwa siku tatu sikuwa nimeisikia. Wanajaribu tambi, alisema. Wameshazivunja. Mjomba wamemtuma sokoni. Wameamua kwenye tui watie kungumanga, je, nina pingamizi? Na kwanza kabisa nimwambie upesi, zinakaangwa mpaka ziwe rangi gani, kwa sababu zipo motoni.

Nikamwambia: atazame kifimbo chake cha kusukumia, pale katikati, mikono inapopita. Zikifika rangi ile, atie maji.